Kaka anataka simu impime mama akili bila mama kujua, nifanye nini?

Shikamoo Anti,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, kwa kawaida nasoma ya wenzangu napita zangu ila safari hii limenifika mwenyewe na sina wa kumwambia, maana kila ninayemgusia nyumbani ana upande wake tayari.

Ni mama wa watoto watatu, naishi Dar, kwetu Tanga mjini. Tulizaliwa wanne tumebaki watatu. Kaka yetu mkubwa yupo Texas miaka mingi, kazi zake za kompyuta, mimi ndo wa katikati, halafu kuna mdogo wetu wa kiume yupo Muheza na machungwa yake. Baba alifariki mwaka jana. Mama ana miaka 73, ana sukari na presha, anakaa kwenye nyumba yetu na binti wa kazi, vyumba vya uani kapangisha na kodi anakusanya mwenyewe.

Kaka alikuja msibani, akakaa mpaka baada ya hitma. Alipoondoka akamwachia mama simu mpya na saa ya mkononi, akamwambia hii saa ya kukupimia presha mama usiivue. Mama kaipenda hatari, akija mgeni anamnyooshea mkono, "mwanangu kaniletea, inanitazama presha". Sasa mimi na mdogo wangu tumekuja kuambiwa baadae kabisa kwamba kwenye ile simu kuna apu ya akili mnemba, inasikiliza mama anavyoongea akipiga au akipigiwa, inaangalia anasita mara ngapi, anaongea haraka au taratibu, sauti imepoa au la, na saa nayo inahesabu hatua na usingizi. Kila Jumatatu ripoti inaenda kwa kaka, na yeye anairusha kwenye grupu letu la WhatsApp.

Ripoti za mwanzo hazikuwa na neno. Baadae zikaanza kuja na rangi ya njano, sasa hivi nyekundu. Ya mwisho imeandika uwezekano wa kumbukumbu kupungua asilimia 68 na dalili za sonona "juu". Anti, kuona asilimia imeandikwa kuhusu mama yako ni kitu kingine, nilikaa na simu mkononi mpaka mwanangu akaniuliza mama una nini.

Kaka sasa anataka mambo haya: mama asiambiwe chochote kuhusu apu kwa sababu akijua atajirekebisha au atagoma. Pili kodi za wapangaji ziingie kwenye akaunti yangu, mama asishike tena hela. Na nimhamishie kwangu Dar. Mdogo wangu anasema mama mzima wa afya, ni uzee na msiba, na kwamba kaka anatafuta njia ya nyumba kwa sababu mirathi haijagawanywa. Wametoleana maneno kwenye grupu mpaka mmoja akajitoa. Na mimi kusema ukweli kuna siku namwona mdogo wangu kama ana hoja, halafu usiku najilaumu kumfikiria kaka yangu hivyo.

Lakini pia Anti siwezi kusema sijaona kitu. Mama ni kijumbe wa upatu wa akina mama wa mtaani tangu mimi sijaolewa, watu ishirini na kitu, zamu zote anazo kichwani na daftari ni la ushahidi tu. Mwezi uliopita kampa mama mmoja hela mara mbili na mwenye zamu yake kamruka, na alipoambiwa akakasirika akasema wanamuonea kwa sababu ni mjane. Mama yangu hajawahi kuongea hivyo. Mwanangu wa kike, mama anamwita kwa jina la dada yetu aliyefariki. Tui la nazi limemuungulia mara mbili nikiwepo. Kwenye maulidi haendi tena, usingizi hapati mpaka ameze piriton, na ukimuuliza mama vipi anakwambia "mie nipo tu, nangoja siku yangu".

Sasa naogopa hata kumpigia. Nikimuuliza mama umekula nini, nawaza jibu lake linapimwa na hajui. Na nikisema tuizime, kama kweli ugonjwa upo na sisi tukachelewa? Je hizi mashine ni za kuamini? Nimwambie mama? Nimfuate kaka au mdogo wangu?

Wako,
Wa katikati, Dar

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana na msiba, kwa sababu kwenye barua yako baba ameguswa kwa sentensi moja tu kisha ukakimbilia kwenye matatizo, na nina wasiwasi hata wewe mwenyewe hujapata muda wa kumlilia.

Nikikuelewa vizuri, unabanwa na vitu ambavyo vimekuja kwa pamoja ila sio kitu kimoja. Kuna mama ambaye kweli kabadilika na umemuona kwa macho. Kuna mashine inayosema kitu kuhusu mabadiliko hayo kwa lugha ya asilimia. Kuna siri. Na kuna nyumba na hela, ambazo zinafanya kila neno la kila mtu lisikike lina jambo nyuma yake. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja na kilichonigusa ni kwamba kaka nimemsikia, mdogo nimemsikia, simu na saa nimezisikia, mama mwenyewe nimemsikia maneno machache tu, na katika hayo hakuna hata moja alilojibu akiulizwa swali hasa. Hilo tutalirudia.

Nianze na mashine, kwa sababu imekuogopesha. Sio uganga wala sio utapeli, wazo lenyewe lina msingi. Watu ambao kumbukumbu zinaanza kuondoka huwa wanasita katikati ya maneno, wanatafuta majina ya vitu wanakosa wanasema "kile", "hiki", "yule", sentensi zinapungua mzigo. Mtu mwenye sonona nae sauti yake mara nyingi inapoa, inakuwa ya chini, haipandi haishuki. Kompyuta inaweza kupima hivyo vitu kwa undani ambao sikio halifiki. Sasa swali ni imejifunza kwa nani. Moja ya hazina kubwa za sauti ambazo watafiti wamezitumia miaka yote ni rekodi zilizokusanywa Chuo Kikuu cha Pittsburgh huko Marekani miaka ya 1980, ambapo wazee walionyeshwa picha wakaambiwa waielezee. Picha yenyewe ni jiko la Kimarekani, mama anafuta vyombo, sinki linafurika maji hana habari, mtoto kapanda stuli anaiba biskuti juu kabatini na stuli inaanguka. Mwaka 2020 yalifanyika mashindano ya watafiti kuona nani programu yake itatambua vizuri zaidi kutokana na rekodi hizo, na walichaguliwa watu 156 tu, nusu wagonjwa nusu wazima, wote wanaongea Kiingereza. Baadhi ya programu zilipatia zaidi ya mara nane katika kumi, ambayo ni kazi nzuri sana. Lakini pale ni sauti zilizopangwa, picha moja, lugha moja. Mama yako anaongea Kiswahili cha Tanga kwenye simu na shoga yake wa Pangani huku redio inalia na binti anauliza mchicha uko wapi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na demensia (ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), zaidi ya asilimia 60 wapo nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu na kwa wanaofanana na sisi, na huku ndiko sauti zilipochukuliwa kidogo. Mimi ningekuwa wewe ningemuuliza kaka swali moja kavu: hiyo apu imewahi kujaribiwa kwa wazee wanaoongea Kiswahili? Kama hajui, aulize waliomuuzia.

Halafu hiyo asilimia 68. Tufanye hesabu kidogo, vumilia. Pale Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miaka ya 2009 na 2010 wakakuta kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, demensia ilikuwa kama asilimia 6.4. Tuseme basi wazee 100, wenye ugonjwa ni 6. Tuchukulie una mashine nzuri, inawakamata wagonjwa 8 katika kila 10 na inakosea kwa wazima 2 katika kila 10. Itawakamata 5 kati ya wale 6, hapo safi. Lakini wazima ni 94, na 2 katika kila 10 ni kama 19. Kwa hiyo taa nyekundu zitawaka 24 na wagonjwa wa kweli humo ni 5. Sijui apu ya kaka yako inakosea kiasi gani na wala yeye hajasema, ila unaona mwenyewe taa nyekundu ni sababu ya kwenda kutazama, haiwezi kuwa jibu. Ni sawa na kipimo cha presha, mtu akipimwa anahema katoka kupanda ngazi namba itapanda, daktari mzuri atamwambia kaa kwanza tupime tena.

Na mama yako alipimwa anahema mwanangu. Fikiria ile apu imeanza kumjua lini. Imewashwa msibani. Haijawahi kumsikia mama yako akiwa mke wa mtu. Wiki za kwanza nyumba imejaa, ndugu, majirani, simu za pole kutoka kila upande, anaongea kutwa. Halafu watu wakatawanyika kama ilivyo desturi, simu zikapungua, na mama akabaki kwenye eda yake miezi minne na siku kumi, ndani, hatoki bila sababu, mazungumzo machache. Hatua zitashuka, maneno yatapungua, na mashine isiyojua eda ni nini itasema huyu mtu anadhoofika. Ongeza na mtandao, akiongea na Texas sauti inachelewa kufika, yeye anangoja, kompyuta inahesabu kusita. Ongeza na masikio, ana miaka 73, umewahi kuangalia kama anasikia vizuri? Mtu asiyesikia vizuri anachelewa kujibu, anajibu sicho, anaacha kwenda kwenye mikusanyiko kwa sababu kelele zinamchosha, na watu wanasema kapoteza kumbukumbu.

Sasa usije ukachukua hayo yote ukampelekea mdogo wako aseme "si nilisema mama mzima". Sijasema hivyo. Kilichonishtua mimi kwenye barua yako sio ile rangi nyekundu, ni upatu. Mtu kuungulia tui kila mtu anaungulia, kumwita mjukuu kwa jina la binti yako marehemu ni jambo la kibinadamu kabisa hasa mwaka wa msiba. Lakini mtu aliyeshika zamu za watu ishirini na kitu kichwani miaka yote, akaja akalipa mara mbili, na alipoonyeshwa akaona anaonewa, hapo kuna kitu cha kufuatilia, kwa sababu ni kazi aliyokuwa anaiweza vizuri kuliko watu wote na imeanza kumshinda. Na una ushahidi ambao kaka yako na apu yake hawana, yale madaftari. Kule Marekani mtafiti anaitwa David Snowdon alifuatilia masista 678 wa kikatoliki waliokuwa tayari wazee, akakuta kwenye makabati ya kitawa maelezo waliyoandika kuhusu maisha yao wakiwa wasichana, na mwaka 1996 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba namna walivyoandika ujanani ilihusiana na nani alikuja kupata Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, miaka zaidi ya hamsini mbele. Daftari la upatu halitakupa hayo, ila linamlinganisha mama na mama mwenyewe. Chukua la miaka mitatu nyuma, la kabla baba hajaugua, na la sasa. Angalia lini makosa yalianza. Kama yalianza kabla ya msiba ni habari moja, kama yameanza baada ni nyingine, na daktari atafurahi kupata hiyo tarehe kuliko grafu.

Kwa nini tarehe ina maana, ni kwa sababu sonona kwa wazee inajua kujifanya demensia. Mzee mwenye sonona anasahau, hajali, hapangi vizuri, akiulizwa anasema "sijui, sikumbuki" hata jambo analolijua, na mara nyingi imekuja ndani ya muda unaoweza kuukumbuka. Mwenye demensia mara nyingi inamnyemelea taratibu, na mwenyewe haoni tatizo au anafunika. Sio sheria, vinachanganyika, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ila sonona inatibika. Na kuna vingine vinavyotibika ambavyo vinaharibu kumbukumbu: tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka. Mama ana sukari, kama anatumia metformin miaka mingi hiyo dawa inaweza kushusha B12, ni kipimo cha damu tu. Na hiyo piriton mwanangu. Watu wengi wanaitumia kama dawa ya usingizi kwa sababu inauzwa kila duka la dawa, lakini kwa wazee ni katika dawa ambazo madaktari wanaonywa nazo kwa sababu inachanganya akili na kumbukumbu. Anaimeza kila usiku? Ngapi? Tangu lini? Usimnyang'anye kwa nguvu, muongee na mtaalamu wa dawa au daktari wamtafutie njia ya usingizi.

Na lile neno lake, "nangoja siku yangu". Wazee wetu wanasema hivyo hata wakiwa na raha zao, ni imani, kifo ni haki. Lakini mjane asiyelala, aliyeacha maulidi, akisema hivyo hivyo, hilo linahitaji kuulizwa. Mkae wawili, umuulize bila kuzunguka: mama, kuna siku unatamani bora usingeamka? Umewahi kufikiria kujidhuru? Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo kichwani, hapana, mara nyingi mtu anapumua. Akisema ndiyo, au ukikuta hali chakula kabisa, hapo msisubiri kikao cha familia wala Jumatatu, mpelekeni hospitali siku hiyo na asiachwe peke yake.

Sasa siri. Wewe mwenyewe umeandika unaogopa kumpigia mama. Hebu litazame hilo: kifaa kilicholetwa ili mama aangaliwe kimempunguzia simu ya binti yake. Na anamnyooshea mkono kila mgeni kwa fahari akidhani ni presha. Siku akijua, na atajua, kwa sababu mko watatu na mmekwaruzana, atakachohisi sio hasira ya apu, ni kwamba watoto walikaa kumjadili. Mtu ambaye tayari anasema majirani wanamuonea kwa ujane. Halafu kuna shoga zake na wapangaji ambao nao sauti zao zinasikilizwa na hawajaulizwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti, sikutishi nayo, nakwambia ili kaka asidhani ni mambo ya familia tu.

Lakini kumwambia nako kuna hatari yake na sitaki uingie umefumba macho. Anaweza kuumia, anaweza kuvunja ile saa, anaweza kumkasirikia kaka mbele ya watu na kaka akakuona wewe ndiye msaliti. Kwa hiyo njia mojawapo ni umwanze kaka, simu ya wawili, nje ya grupu, umwambie mimi siwezi kuendelea hivi, nataka wewe uliyeiweka ndo umwambie mama, mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake. Mpe muda lakini mpe siku. Njia nyingine mnaizima kimya kimya mnaanza upya, na hapo swali litabaki kama unaweza kuishi na mama asijue kilichopita. Ya tatu, ambayo watu hawaifikirii, ni kwamba mama akielezwa vizuri anaweza kukubali. Korea Kusini kampuni ya Naver ina huduma ya akili mnemba inayowapigia simu wazee wanaoishi peke yao, inaulizia chakula, usingizi, afya, na kukiwa na shida watumishi wa serikali za mitaa wanafuatilia. Mzee anajua nani anampigia na kwa nini. Mama yako anaweza kusema saa nitavaa, simu zangu msisikilize. Au akasema yote sawa, almradi ripoti aje asomewe yeye kwanza. Au akakataa vyote, na mtu mzima ana haki hiyo.

Hela na nyumba ningevitenganisha kabisa na hili. Ripoti ya apu haiwezi kuwa sababu ya kumtoa mtu kwenye kodi zake. Hata daktari akithibitisha ugonjwa mwanzoni, watu wengi bado wanajua wanachotaka na wanaweza kukisema. Upatu unahitaji msaada sasa hivi kwa sababu kuna hela za wenzake, na hapo unaweza kumwomba akubali mtu wa kumshikia daftari pamoja, binti yako mkubwa akiwa likizo, au mwanamke anayemwamini katika wale wale, yeye abaki kijumbe. Mirathi igawanywe kwa utaratibu wake, na ikishatoka mezani mtashangaa shutuma nyingi zitapungua makali. Kumhamishia Dar, sijui, nyinyi mnajua. Kuna mama anafufuka akiwa na wajukuu na kuna mama akitolewa kwenye mtaa wake anapotea kabisa, kwa sababu pale Tanga hata akisahau njia kuna mtu atasema bi mkubwa kwenu huku.

Kuhusu kaka yako. Unamfikiria nyumba, na siwezi kukuhakikishia haimo kabisa kichwani mwake, nyumba imo kwenye kichwa cha kila mmoja wenu. Ila jaribu kumwona aliyezika baba akapanda ndege akarudi kwenye nchi ambayo akipigiwa saa nane usiku moyo unasimama. Wewe ukiwa na wasiwasi unapanda basi asubuhi unafika Tanga mchana. Yeye alichonacho ni simu na kazi anayoijua. Akipata kitu kingine cha kufanya, kulipia vipimo, kutafuta kifaa cha kusikia kama kitahitajika, kumpigia mama kwa video kila Ijumaa wakaongea habari za baba badala ya "mama vipi, salama", huenda ripoti ya Jumatatu ikakosa umuhimu kwake. Na mdogo wako nae anasema "uzee tu" labda kwa sababu yeye ndo yuko karibu, na ugonjwa ukithibitishwa kila mtu atamtazama yeye.

Hospitali ndo sehemu ambayo naona mnaweza kukubaliana wote watatu bila kwanza kumaliza ugomvi. Anzeni pale anapotibiwa sukari, asubuhi, dirisha la wazee, mwende na sababu ambayo ni ya kweli na mama anaijua: usingizi, masikio, macho, dawa. Omba wamtazame na kumbukumbu na sonona. Ukiambiwa "bibi ni uzee tu nendeni nyumbani" usikubali haraka, waambie habari ya upatu kama ulivyoniambia mimi, omba rufaa kitengo cha afya ya akili hospitali ya mkoa. Kama mama hakusoma sana, ulizia kipimo kisichohitaji kusoma na kuandika. Kipo kinaitwa IDEA, kiliandaliwa hapo hapo Hai, anaulizwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, daraja ni nini, leo siku gani, anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Na msikate tamaa majibu yakiwa mabaya, jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14, yakiwemo kutosikia, kutoona vizuri, sukari, presha, sonona na upweke, ambayo yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kuchelewa. Mengi ya hayo kwa mama yako yapo wazi na yana pa kushikia, na mengine hayasubiri majibu ya mtu.

Sikwambii umfuate kaka wala mdogo. Ningependa kwanza uende Tanga siku mbili tatu bila ajenda ya kikao, simu yake uiache chumbani, mkae jikoni au barazani, umuulize yeye anajionaje. Kuna wazee wengi wanajua kabla ya watoto kwamba kitu kinawaponyoka, wanaficha kwa sababu wanaogopa hayo hayo mnayoyapanga, kunyang'anywa hela na kuhamishwa. Na akikwambia hajaona tatizo lolote, nalo ni jibu, liandike na tarehe.

Niandikie ukirudi. Na wewe mwenyewe tafuta mtu wa kukaa nae, hata shoga mmoja asiyekuwa kwenye lile grupu.